Barua ya Kuacha Kazi Huandikwa Mwisho

Barua ya kuacha kazi iliyokuwa na uzito kuliko zote katika nchi hii iliandikwa Pugu, Machi 1955. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa Shule ya Mtakatifu Fransis, amerudi na shahada ya Edinburgh mwaka 1952, mmoja wa Watanganyika wachache mno waliokuwa na elimu ya namna hiyo. Wakuu wa shule walimtaka achague kati ya chaki na siasa. Julius Nyerere akachagua siasa, akafungasha, akaondoka. Kisa hiki tumesimuliwa tangu shule ya msingi, na msimulizi huruka moja kwa moja kutoka kwenye barua hadi kwenye uhuru, kana kwamba kati ya 1955 na 1961 nyumbani kwa Mwalimu hakuna aliyepaswa kula.

Walikula, na kuna watu waliohakikisha wanakula. Alipotoka Pugu alirudi Butiama na mkewe Maria na watoto, na kwa muda akapata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll na kumsaidia kazi ya tafsiri. Aliporudi Dar es Salaam, familia ya Abdulwahid Sykes ilimpokea nyumbani kwao Kariakoo. Ile nyumba ya Magomeni, ambayo sisi wa Kinondoni tunapenda kuwaonyesha wageni kuwa ni makumbusho yetu, ilikuja baadaye. Kabla ya nyumba kulikuwa na sahani ya wenyeji.

Nimeanza na Mwalimu kwa sababu ndiye anayepandishwa jukwaani kila mara. Mhamasishaji yeyote anayekodi ukumbi Sinza au Mwenge, akauza viti na kitabu chake mlangoni, hatamaliza saa ya kwanza kabla hajamtaja mwalimu wa Pugu aliyethubutu. Ajira ni utumwa, atasema. Ni tajiri gani mliyewahi kumwona akisubiri tarehe 25? Ukumbi unapiga makofi, na Jumatatu karibu wote wanarudi kazini kwa sababu ambazo mhamasishaji hakuzigusa. Yeye mwenyewe wala hajaacha kazi yoyote. Kazi yake ni kuwaambia wenzake waache.

Upande wa pili wako wazazi na wakwe, ambao kwao kazi ya serikali ni kama ndoa ya kanisani. Mtoto akisema anaacha ualimu akafungue karakana ya samani, kikao cha ukoo kinaitishwa kabla ya jua kuzama. Nawaelewa zaidi kuliko ninavyomwelewa mhamasishaji, ila nao wanakosea mahali, kwa maana wanaamini ukuta wa ajira haubomoki. Mhamasishaji anaona ujasiri peke yake, wazee wanaona usalama peke yake. Ukiwafuatilia waliotoka salama utakuta kwamba barua ilikuwa tendo lao la mwisho, baada ya miaka ya kuhama kimyakimya. Na nafasi ya kuhama hivyo haigawiwi kwa kipimo cha ujasiri. Inagawiwa na benki, na kadi ya bima, na mtu unayelala naye nyumba moja.

Kinondoni ina mfano ulio bora kuliko wa Pugu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam na kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu wa Msasani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora ndege na wanyama juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zinazouzwa dukani kwa ajili ya baiskeli na milango. Wakati huo alipata pia kazi ya uhudumu katika Hospitali ya Muhimbili. Mshahara ulitoka hospitalini. Picha zilichorwa muda wa ziada. Na mkewe, Agatha, ndiye aliyekaa nazo pale Morogoro Stores, Oysterbay, akiwauzia wageni waliokuja kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa, akiwa hajamaliza hata miaka mitano ya kuchora. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu, akina Ajaba Abdallah, Omari Amonde na Simon Mpata, waliendelea palepale, jina lake likawa jina la mtindo mzima, na mwaka 1990 wakasajili ushirika ambao bado uko Oysterbay.

Soko la picha lilijaribiwa wakati hospitali inalipa. Hilo ndilo la kuzingatia. Kama Tingatinga alifuata moyo wake au alifuata fedha za Wazungu, sidhani kama swali lenyewe lingemwingia. Alikuwa anachora, picha zinanunuliwa, na nyumbani kuna unga.

Wapo pia waliokataa kuchagua. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akahamia idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, kisha idara ya upimaji. Karibu kila alichoandika alikiandika akiwa karani wa serikali ya kikoloni. Kusadikika, kitabu kinachoushambulia utawala usiosikiliza, kilichapishwa 1951 naye bado anakula mshahara wa utawala wa namna hiyohiyo. Wanaosema kipaji hakiwezi kukua ofisini wana deni la kumweleza huyu.

Hata hivyo, tusije tukamchora mtu wa Dar es Salaam kama aliyekuwa na kazi nzuri mkononi miaka yote, akawa anasita tu kuiachia. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi yake Manzese na Buguruni katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba thamani halisi ya mshahara ilianguka kwa asilimia 83 kati ya 1974 na 1988. Manzese ya wakati huo ilikuwa Kinondoni. Hesabu yake ni kwamba mshahara uliolisha nyumba mwezi mzima mwaka 1974 ulikuja kuilisha siku tano hivi. Ndipo ikaja miradi. Kuku walifugwa hadi vyumbani. Ng'ombe walifungwa nyuma ya nyumba za serikali za Mikocheni na Oysterbay, na mkurugenzi aliyekuwa akisaini mafaili asubuhi alijua bei ya pumba kuliko bei ya dola. Karani aliyeacha ofisi ili akaange maandazi nyumbani hakuwa anatafuta kuridhika na kazi. Alikuwa amepiga hesabu.

Kuacha kazi kulikuwa na hatari nyingine ambayo vijana wa leo hawaijui. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, na asiyeweza kuonyesha kuwa ana ajira inayotambulika mjini alikuwa hatarini kukamatwa na kurudishwa kijijini akalime. Kitambulisho cha kazi kilikuwa pia kibali cha kukaa Dar es Salaam. Kwa hiyo watu walishikilia ajira isiyolipa kwa mkono mmoja na mradi unaolipa kwa mkono mwingine. Kwa viongozi mambo yalikuwa magumu zaidi, maana Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza mishahara miwili na nyumba za kupangisha, na hadi chama kilipolegeza masharti hayo Zanzibar mwaka 1991, mradi wa bosi ulijulikana na kila jirani isipokuwa chama. Huko ndiko tulikojifunza kuwa na kitu pembeni. Hakikuwa kiburi wala ubunifu wa kizazi cha simu.

Miaka ya 1990 serikali yenyewe ikaanza kuwaachisha watu. Makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa, mashirika ya umma yakauzwa au yakafungwa, na aliyekuwa na mradi alipokea barua yake kwa utulivu wa kushangaza. Asiyekuwa nao alizeeka ndani ya mwaka mmoja.

Wanamuziki wa dansi wana somo lao, na nashangaa halitajwi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na mpiga gitaa wake alikuwa mwajiriwa wa mshahara kama karani. Hiyo ilikuwa ajira salama na ya kuridhisha kwa pamoja, jambo ambalo wahamasishaji hutuambia haliwezekani. Bado watu walihama. Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka waliondoka, na 1978 ikazaliwa bendi ya Mlimani Park. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawavuta wanamuziki wa Mlimani kwenda bendi ya Safari Sound kwa maslahi bora. Gurumo alikwenda, na baadaye akarudi kulekule alikotokea NUTA, ambayo sasa iliitwa Msondo, akapiga muziki hadi alipostaafu 2013. Angalia kwamba aliweza kurudi. Mwalimu au muuguzi wa leo hana bahati hiyo, kwa maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huweka ukomo wa umri wa miaka 45, na foleni ya waombaji vijana inaujaza mlango. Anayetoka serikalini akiwa na miaka 47 ametoka. Tofauti hiyo ndogo ya kiutaratibu inazuia watu wengi kuliko woga, kwa sababu jaribio lisilo na njia ya kurudi linataka akiba ambayo jaribio la kawaida halihitaji.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa mazungumzo haya hukosa hesabu. Tumchukue mwalimu wa kufikirika wa Mwananyamala, mshahara wake shilingi 900,000 kwa mwezi. Asilimia 5 inakwenda mfuko wa pensheni wa PSSSF, yaani 45,000. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3, yaani 27,000. Chama cha walimu asilimia 2, yaani 18,000. Kodi ya mapato kwa viwango vya sasa ni 91,750. Mkononi zinabaki 718,250, kabla ya mkopo. Upande ambao hauoni, mwajiri anaongeza asilimia 15 kwenye pensheni na asilimia 3 kwenye bima, jumla 162,000. Kwa hiyo anayetaka biashara ya keki izibe pengo la ajira hii haitoshi ifikie mshahara wake. Inabidi izidi milioni moja na elfu sitini, kila mwezi, ukiwemo mwezi wa Ramadhani ambao wateja wa keki hupotea.

Ila makato hayo ndiyo madogo. Kubwa ni mkopo. Benki zetu zinampenda mtumishi wa umma kwa sababu moja tu: marejesho yanakatwa kabla mshahara haujamfikia. Kanuni ni kwamba lazima abakiwe na moja ya tatu ya mshahara wake, kwa hiyo mwalimu wetu, akibakiwa na 300,000, anaweza kukatwa hadi 418,250 kila mwezi kwa miaka kadhaa. Fedha hizo ndizo zilizonunua kiwanja Bunju au Mabwepande na kupandisha msingi, zikalipa ada, zikamzika baba. Na deni likikaribia kwisha, afisa wa benki anapiga simu kwa sauti tamu kuliko ya mchumba: unastahili kuongezewa. Anaongezewa. Miaka inaanza upya.

Hapa ndipo naona usalama wa ajira ulipo kwa sasa, na sioni wengi wakiusema. Mshahara wenyewe ni mdogo. Hata baada ya nyongeza ya Julai 2025 iliyopandisha kima cha chini cha watumishi kutoka 370,000 hadi 500,000, hakuna anayejenga kwa mshahara. Anajenga kwa hati ya mshahara. Karatasi ile inamfanya mtu aaminike na benki, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na hata na wakwe. Anayeacha kazi anapoteza uwezo wa kuaminiwa kwa mkupuo, na fundi cherehani mwenye kipato mara mbili ya chake atabaki kukopa vikoba au, ikibidi, kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Kwa hiyo swali kwa anayetaka kutoka ni la kuchosha sana: deni lako linaisha lini, na utakuwa na nguvu ya kuikataa ile simu?

Wachache wanaoikataa huwa nawaheshimu kuliko wanaoandika barua.

Ukishatoka unakutana na kodi ya pango. Mwenye nyumba wa Kijitonyama anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka. Mwenye fremu ya biashara anataka hivyohivyo, dalali anataka wa mwezi mmoja, na kama fremu iko mahali panapouza, aliyepo atataka kilemba ndipo aondoke. Leseni ya manispaa na usajili wa jina la biashara BRELA ni mambo madogo ukilinganisha na hayo. Sheria ya kodi inamwonea huruma anayeanza, maana mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato, lakini kwa mauzo hayo fremu ya Mwenge hailipiki hata robo mwaka. Si ajabu wengi wanaanzia sebuleni, na simu ndiyo duka.

Na sheria ya kazi imemwekea anayejiondoa bei yake. Kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka kumi, kimewekwa kwa anayeachishwa na mwajiri. Fao la kukosa ajira nalo ni la mtu ambaye ajira yake imekoma bila yeye kujiuzulu. Zamani kulikuwa na fao la kujitoa, ambapo mtu alichukua michango yake na kuifanya mtaji. Lilipotaka kuondolewa 2012 wafanyakazi walipiga kelele nchi nzima, wa migodini hasa, na sheria za 2018 zikaja na fao la kukosa ajira badala yake. Wataalamu wa pensheni wana hoja nzito hapo: anayekula michango akiwa na miaka 35 atakuwa mzigo akiwa na 70. Naikubali hoja. Nasema tu kwamba tangu hapo mtaji wa kuanzia umetoka kwenye mfuko na kuhamia benki, na benki inataka uwe umeajiriwa.

Kikokotoo cha mafao ya kustaafu nacho kimewafikirisha watu upya. Mtumishi wa kizazi cha mama yangu alipanga kufanya anachokipenda akistaafu: alipwe mkupuo, ajenge vyumba vya kupangisha, afuge. Kanuni za 2018 zilitaka mkupuo uwe asilimia 25, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huohuo, 2022 ikawekwa asilimia 33, na 2024 waliokuwa wamezoea asilimia 50 wakarudishiwa hadi 40. Sehemu inayobaki hulipwa kidogokidogo kila mwezi, na huenda kwa mzee hilo ni salama zaidi. Lakini aliye na miaka 42 leo ameona tarakimu zikibadilika mara tatu ndani ya miaka sita. Kuahirisha ndoto hadi uzeeni kumepoteza mvuto uliokuwa nao, na nadhani hiyo ndiyo sababu jioni Mwenge na Makumbusho zimejaa watumishi wanaofunga ofisi moja na kufungua nyingine.

Wazee wanaoamini ukuta wangekumbushwa mambo mawili. Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini, wengine baada ya miaka ishirini ya kuaminika na kukopesheka. Kosa lilikuwa lao, sawa, ila watoto wao hawakughushi kitu. Na Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, maofisa miradi wa Mikocheni na Msasani, waliolipwa kuliko daktari wa serikali, waliambiwa wasimamishe kazi mara moja. Hao walikuwa wasomi waliochagua uhakika wa dola. Wengine wao leo wanauza chakula kwa oda, na mmoja aliniambia anajuta kitu kimoja tu, kwamba hakuanza kukipika wakati bado ana gari la ofisi.

Nimesema mengi kuhusu fedha, na msomaji anaweza kuuliza iko wapi ile kazi ya kuridhisha. Nimewasikiliza wanaoiota, na malalamiko yao hufanana kuliko wanavyodhani. Mshahara hautajwi kwanza. Linatajwa daraja lililopaswa kupanda miaka minne iliyopita, uhamisho usioelezwa, mkuu anayeita kikao saa kumi na moja jioni, saa tatu za foleni ya barabara ya Bagamoyo kutoka Tegeta kwenda Posta na kurudi. Kinachotamaniwa ni kuona mwisho wa kazi ya mikono yako na kupanga saa zako. Wasanii walio kwenye makontena ya Nafasi Art Space kule Mikocheni, iliyoanza 2008, wanavyo vyote viwili, na wengi wao bado wanafundisha au wanachora mabango ili kodi ilipwe. Wakati mwingine tiba ya uchungu wa kazi ingekuwa daraja kupandishwa kwa wakati na mkuu mwenye adabu. Anayeacha kazi kwa sababu ya bosi mmoja mara nyingi huja kugundua kwamba wateja ni mabosi mia.

Halafu kuna mtu unayelala naye nyumba moja, niliyemtaja mwanzo. NHIF inamhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Ina maana mmoja akibaki kazini, mwingine anaweza kutoka bila watoto kukosa hospitali. Hiyo ndiyo bima halisi ya kuthubutu katika mji huu, na haitolewi na kampuni yoyote. Agatha alikuwa sokoni na picha. Mama Maria alikuwa na watoto na mume asiye na mshahara. Nyuma ya karibu kila mwanamume ninayemjua aliyeacha benki ili apige picha za harusi yupo muuguzi au mwalimu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, na kwenye mahojiano mume anasema alithubutu. Wanawake wakitoka kazini hutoka kwa sababu nyingine: mtoto mchanga na dada wa kazi aliyeondoka bila kuaga. Biashara ya nguo za watoto inayofuata huitwa ndoto, lakini ilianza kama suluhisho.

Na asiye na mwenza mwenye kadi? Mjadala huu hufanywa na watu wa Mbezi Beach, kisha unasambazwa kwa watu wa Tandale kana kwamba hali ni moja. Fikiria mlinzi anayekesha kwenye geti la Oysterbay na kulala mchana Tandale, chini ya bati, watoto wakipiga kelele. Anaacha ulinzi, anachukua pikipiki ya mkataba, anampelekea mwenye chombo hesabu kila jioni hadi chombo kiwe chake. Nimemsikia mmoja wao akieleza kwa nini, na maelezo yake hayakupungua chochote ukiyaweka kando ya yale ya msomi wa Mikocheni: sasa nalala usiku na mke wangu, na hakuna anayeniita 'wewe'. Huyo ameacha ajira ili apate kazi inayomridhisha, kwa maana kamili ya maneno hayo, ingawa hakuna atakayemwalika ukumbini.

Lakini angalia alichokiacha. Kama kampuni yake ilifuata sheria, alikuwa na asilimia 20 ya mshahara ikienda NSSF, nusu ikitoka kwa mwajiri, na alikuwa chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao humlipa anayeumia akiwa kazini. Ametoka kwenye kinga hiyo na kuingia, wiki hiyohiyo, kwenye kazi inayojaza vitanda vya Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Hatari imepanda na kinga imeondoka kwa saini moja. NSSF inampokea aliyejiajiri anayetaka kuchangia mwenyewe, ila hakuna mwajiri wa kuweka ile nusu ya pili, na mwenye chombo hajiiti mwajiri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ipo kwa vijana, lakini nayo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Hiyo ndiyo ninayoifuatilia kuliko hotuba zote za kujiajiri, kwa sababu siku dereva wa bodaboda wa Tandale atakapoweza kumpeleka mtoto Hospitali ya Mwananyamala kwa kadi isiyotegemea mwajiri, hesabu niliyoipiga kwa yule mwalimu itabidi ipigwe upya, na watakaoandika barua watakuwa watu wengine kabisa.